Penalti ya Bamako: kisa cha Aliou Cissé

Najua nimepotea. Mitihani ya semista ilinibana, bumu lilichelewa kama kawaida yake, na kichwa kilikuwa hakitaki kuandika kitu chochote ambacho hakina maksi. Sasa nimepumua kidogo, narudi na deni langu la siku nyingi.

Deni lenyewe lilianzia kwenye ubishi. Jamaa yangu wa kitanda cha juu, mtu wa hesabu huyu, alisema usiku mmoja kwamba makocha waliowahi kucheza mpira wanabebwa tu na majina yao. Akatoa mfano wa Aliou Cissé wa Senegal. Eti, "Yule alikuwa na Mané, Koulibaly na Mendy. Hata mimi ningechukua kombe." Nikamwambia mzee, subiri, mimi ni mtu wa historia, nipe muda nikuletee ushahidi. Akacheka, akageukia ukutani, akalala. Mimi sikulala. Kuna sababu yangu binafsi iliyofanya maneno yale yaniguse, nitaisema mwishoni.

Tuanze mwanzo. Aliou Cissé alizaliwa tarehe 24 Machi 1976 mjini Ziguinchor, kwenye jimbo la Casamance, kusini mwa Senegal. Ukichukua ramani ya Afrika Magharibi utaona kitu cha ajabu: nchi ndogo ya Gambia imeingia katikati ya Senegal kama kisu, na Casamance imebaki upande wa chini peke yake. Hiyo ni kazi ya Waingereza na Wafaransa kugawana mito, na huko mbele itatuhusu. Akiwa bado mtoto familia yake ilihamia Ufaransa, akakulia Champigny-sur-Marne, kitongoji cha nje ya Paris. Huko ndiko alikojifunza mpira wa klabu. Alipita Lille, Sedan, Paris Saint-Germain na Montpellier, baadaye akaenda Uingereza kwa Birmingham City na Portsmouth, akarudi Ufaransa kumalizia mpira wake Sedan na Nîmes. Alikuwa kiungo mkabaji, wakati mwingine beki. Si mtu wa chenga wala mabao. Yule ambaye kazi yake ni kusafisha uchafu ili wengine wang'ae. Rasta ndefu, sauti kubwa, na kitambaa cha unahodha mkononi.

Sasa mwaka 2002. Huu mwaka kwa Cissé ni kama maisha matatu yamebanwa ndani ya miezi tisa.

Januari hadi Februari, Kombe la Mataifa ya Afrika lilichezwa Mali. Senegal walikuwa hawajawahi kulichukua. Walikuwa na kocha Mfaransa, Bruno Metsu, na kikosi cha vijana ambao karibu wote walikuwa wanacheza klabu za Ufaransa. Wakafika fainali, tarehe 10 Februari 2002, mjini Bamako, dhidi ya Cameroon ambao ndio walikuwa mabingwa watetezi. Dakika 120 zikaisha 0-0. Penalti. Senegal wakakosa, Cameroon nao wakakosa, ikafika ya mwisho na mpigaji akawa nahodha mwenyewe, Aliou Cissé. Kipa Alioum Boukar akaipangua. Cameroon 3, Senegal 2. Kombe likaenda Yaoundé.

Hebu fikiria. Nchi nzima imekaa kwenye redio na televisheni, kombe la kwanza liko mita kumi na moja, halafu wewe ndiye wa mwisho kugusa mpira. Wachezaji wengine wa Senegal pia walikosa siku ile, lakini historia haiwakumbuki sana. Inamkumbuka wa mwisho. Ndivyo tulivyo binadamu, tunamlaumu aliyekuwa ameshika glasi ilipovunjika.

Miezi mitatu na nusu baadaye, tarehe 31 Mei 2002, Seoul, mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia. Senegal ndio kwanza wanashiriki kwa mara ya kwanza, na wamepangwa na Ufaransa, bingwa wa dunia na bingwa wa Ulaya. Papa Bouba Diop akafunga, ikaisha 1-0, na nahodha alikuwa yule yule Cissé. Wakatoka sare na Denmark 1-1, sare na Uruguay 3-3, wakawatoa Sweden 2-1 kwa bao la dhahabu la Henri Camara, halafu wakatolewa robo fainali na Uturuki, nako kwa bao la dhahabu. Walikuwa timu ya pili ya Afrika kufika robo fainali ya Kombe la Dunia, baada ya Cameroon mwaka 1990. Ungesema jeraha la Bamako limepona.

Halafu ikaja Septemba.

Nilisema Gambia imeikata Senegal vipande viwili. Kutoka Ziguinchor kwenda Dakar kwa barabara ilibidi uvuke Gambia au uizunguke, na huko Casamance kulikuwa na vita vya kutaka kujitenga vilivyoanza mwaka 1982, kwa hiyo barabara zenyewe hazikuwa za kuaminika. Watu wengi wakategemea meli. Meli hiyo iliitwa Le Joola, na iliendeshwa na jeshi la nchi. Iliruhusiwa kubeba watu kama 580. Usiku wa tarehe 26 Septemba 2002 ilikuwa na watu zaidi ya 1,900: wanafunzi wanarudi vyuoni Dakar, akina mama wa biashara, familia na watoto. Ikapinduka baharini nje ya pwani ya Gambia. Walipona 64. Waliokufa ni zaidi ya 1,800, wengi kuliko wa Titanic.

Cissé alikuwa Birmingham, miaka 26, ndio kwanza ameanza maisha Uingereza. Ndani ya meli ile walikuwamo ndugu zake, na zaidi ya kumi wa ukoo wake hawakurudi.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana mimi ni mtu wa Mwanza. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kufafanuliwa meli iliyojaa kupita kiasi ni nini. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, mimi sijazaliwa, lakini makaburi ya Igoma nimepita mara nyingi na nyumbani habari ile inasemwa kwa sauti ya chini mpaka leo. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, nilikuwa kidato cha kwanza, na darasani kwetu kuna viti vilikaa wazi wiki nzima kwa sababu wenzetu walikwenda misibani. Kwa hiyo ninaposoma kwamba kijana wa miaka 26 alipata habari ile akiwa nchi ya ugenini, kisha akaendelea kuvaa viatu na kuingia uwanjani, siwezi kumwona tena kama jina tu la mpira.

Basi bwana, tuendelee. Cissé alistaafu mpira mwishoni mwa miaka ya 2000. Hakupewa timu ya taifa siku ya pili yake kwa sababu ya jina. Hapa ndipo jamaa yangu wa kitanda cha juu anapokosea. Alianzia chini: alikuwa kwenye benchi la vijana wa chini ya miaka 23 walioenda Olimpiki ya London 2012, baadaye akawafundisha vijana hao yeye mwenyewe. Timu kubwa alikabidhiwa Machi 2015, baada ya Mfaransa Alain Giresse kuondoka kwa kutolewa hatua ya makundi kwenye AFCON ya mwaka huo. Yaani kuanzia Bamako mpaka kukaa kwenye kiti kile ni miaka 13.

Na alijenga kweli. Koulibaly alizaliwa Ufaransa na angeweza kusubiri simu ya Ufaransa. Aliichezea Senegal kwa mara ya kwanza mwaka 2015, chini ya Cissé. Kipa Édouard Mendy naye alizaliwa Ufaransa, akaanza kuichezea Senegal mwaka 2018, kabla hata dunia haijamjua kule Chelsea. Kocha aliyekulia Champigny alijua lugha ya kuongea na vijana kama hao. Kwa hiyo kusema "alikuwa na Mendy na Koulibaly" ni kweli, ila uliza walifikaje pale.

Sasa tazama jinsi penalti ilivyomfuata mtu huyu.

Januari 2017, AFCON ya Gabon, robo fainali. Mpinzani ni nani? Cameroon. Matokeo? 0-0. Penalti tena. Safari hii Cissé yuko pembeni, hawezi kupiga. Anayekwenda kupiga ya tano ni Sadio Mané, mtoto wa kijiji cha Bambali, huko huko Casamance. Kipa akaidaka nafasi ile, na Vincent Aboubakar akaifungia Cameroon ya ushindi. Mané akalia uwanjani. Nani pale uwanjani alijua Mané anajisikiaje kuliko kocha wake? Mtu mmoja wa Casamance, kapoteza dhidi ya Cameroon kwa penalti ya mwisho, kasimama mbele ya mwingine wa Casamance aliyepatwa na jambo lile lile. Ukiandika hivyo kwenye tamthiliya, mwalimu wa fasihi atakuambia umezidisha.

2018, Kombe la Dunia la Urusi. Cissé alikuwa kocha pekee mweusi kati ya makocha 32. Wakaifunga Poland 2-1, wakatoka 2-2 na Japan, wakafungwa 1-0 na Colombia. Wakalingana na Japan kwa kila kitu: pointi 4, mabao 4 ya kufunga, 4 ya kufungwa, na walipokutana walitoka sare. Ikabidi zihesabiwe kadi. Japan njano 4, Senegal njano 6. Nje. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo kwenye Kombe la Dunia.

2019, AFCON ya Misri, na hapa nasi tunaingia. Tanzania tulikuwa tunarudi baada ya miaka 39, tangu 1980. Mechi yetu ya kwanza, tarehe 23 Juni 2019, ilikuwa na Senegal ya Cissé. Mané hakucheza, alikuwa na kadi. Hata hivyo tulipigwa 2-0, na kama si Aishi Manula golini tungehesabu hadi vidole viishe. Kisha wakawafunga Kenya 3-0, na kwenye hatua ya 16 wakawatoa Uganda 1-0. Yaani Afrika Mashariki yetu karibu yote ilipitia mikononi mwa yule bwana wa rasta. Na kwenye hizo mechi mbili za Kenya na Uganda, Mané alikosa penalti moja moja. Patrick Matasi alidaka, Denis Onyango alidaka.

Fainali wakakutana na Algeria. Kocha wa Algeria, Djamel Belmadi, alizaliwa tarehe 25 Machi 1976, siku moja baada ya Cissé, na alikulia kitongoji kile kile cha Champigny-sur-Marne. Watoto wawili wa mtaa mmoja wa uhamiaji, mmoja asili Algeria na mwingine Senegal, wanakutana Cairo kwenye fainali ya bara. Bounedjah akafunga dakika ya pili, mpira ukagonga beki na kupaa juu ya kipa, na ndio ikawa 1-0 mpaka mwisho. Cissé akapoteza fainali ya pili. Ya kwanza kama nahodha, ya pili kama kocha.

Wapo waliotaka afukuzwe. Hakufukuzwa. Hilo nalipigia mstari.

Tarehe 6 Februari 2022. AFCON ya 2021 ilisogezwa kwa sababu ya korona, ikachezwa Cameroon. Ndiyo, Cameroon. Fainali Yaoundé, Senegal na Misri. Nilikuwa nyumbani Mwanza nasubiri kuchaguliwa kidato cha tano, na mechi niliitazama kwenye kibandaumiza cha mtaani kwetu. Ilianza saa nne usiku kwa saa zetu. Dakika ya saba tu, penalti kwa Senegal, Mané anapiga, kipa Gabaski anapangua. Kibanda kizima kikapiga kelele. Mzee mmoja mbele yangu akasema, "Huyu mtoto hafai penalti, asipewe tena." Nami nikakubaliana naye, nikiri.

Dakika 120, 0-0. Kama Bamako vile vile. Ikaja mikwaju. Abdelmonem wa Misri akagonga mwamba, Bouna Sarr wa Senegal akakosa, Mendy akadaka ya Lasheen. Ikabaki penalti moja: ikiingia, Senegal ni bingwa kwa mara ya kwanza katika historia yake. Anayetembea kuelekea kwenye mpira ni yule yule Mané. Aliyekosa 2017. Aliyekosa 2019. Aliyekosa dakika ya saba, usiku ule ule.

Akafunga. 4-2. Rais Macky Sall akatangaza siku ya pili yake iwe mapumziko nchi nzima. Ilikuwa imebaki siku nne tu itimie miaka 20 tangu Bamako.

Sasa mimi kama mwanafunzi wa historia sitaki niishie hapo, maana hapo ni patamu mno. Wengi wanaandika kwamba usiku ule Cissé "alifuta" penalti yake. Sikubali. Historia haifuti kitu. Cameroon bado ni mabingwa wa 2002. Halafu penalti haikumwacha: tarehe 29 Januari 2024, AFCON ya Côte d'Ivoire, Senegal walioshinda mechi zote tatu za kundi walitolewa na wenyeji kwa penalti baada ya sare ya 1-1, Niakhaté akigonga mwamba. Oktoba 2024 mkataba wake haukuongezwa, baada ya zaidi ya miaka tisa, na kiti kikaenda kwa Pape Thiaw, mwenzake wa kikosi cha 2002. Machi 2025 Cissé akachukua timu ya taifa ya Libya, akaanza upya. Kama kipimo ni penalti, basi mtu huyu alikuwa bora 2022 na mbovu 2024, na hilo ni jambo la kijinga.

Ninachokiona mimi ni kingine. Senegal hawakushinda kwa sababu mtu mmoja hakukosa. Walishinda kwa sababu kulikuwa na kocha ambaye mchezaji wake akikosa, jina lake halifutwi kwenye orodha ya wapigaji. Mwenye ujuzi wa vitabu tu pengine angefanya hesabu kama yule mzee wa kibandani: amekosa mara nne, mpe mwingine. Na kulikuwa na chama cha mpira ambacho kilimfanyia kocha jambo hilo hilo mwaka 2019. Uvumilivu ule ulianzia juu ukashuka mpaka kwenye mguu wa Mané.

Sasa sababu yangu. Mwaka jana nilienda kwenye mazoezi ya kufundisha, ile ya kwanza. Shule siitaji. Siku aliyokuja mkaguzi kutoka chuoni akakaa nyuma, mimi nikiwa mbele ya kidato cha tatu na Mkutano wa Berlin ubaoni. Nikaandika kichwa cha somo, nikageuka, kichwa kikawa cheupe pee. Nilisahau hata mwaka. Mtu ninayesoma historia! Kimya kikakaa sijui dakika ngapi, mpaka binti mmoja wa dawati la mbele akanong'ona, "Mwalimu, 1884." Darasa likacheka. Maksi zangu mnaweza kukisia. Tangu siku ile nimekuwa nikifikiria kuhama kozi, na fomu nilishaichukua.

Mazoezi ya pili ni mwaka huu, yamekaribia. Fomu ile bado iko kwenye begi. Sijaichana, nisije nikajifanya shujaa. Ila sijaijaza pia. Nimeamua niende nikasimame tena pale mbele kwanza. Na kama atakuwepo mwanafunzi aliyesimamishwa kujibu akasahau kila kitu huku wenzake wanacheka, nadhani kuna jambo moja nitakaloweza kumfanyia ambalo wenzangu waliopata A pale labda hawatalijua haraka: wiki inayofuata nitamnyooshea kidole tena, nimpe swali tena.

Nilimsomea jamaa wa kitanda cha juu haya yote jana usiku. Akasikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, halafu akasema, "Sawa. Lakini Mané alimsaidia." Nikamwambia sawa. Akazima taa.

Msinitupe, tutaonana tena Mungu akipenda.